Kichwa Kimetangulia

Barabara ya magari iko chini kabisa bondeni, na watu wako huko juu, kila nyumba imejishikiza kwenye kipande chake cha mteremko. Ukimwona jirani wa ng'ambo anaanika nguo, mtasalimiana kwa sauti bila shida, lakini kumpa mkono ni safari ya nusu siku. Mgonjwa wa huko haendi hospitali. Hupelekwa kwa machela, mabegani mwa wanaume wanne.

Breki aliwaongoza wabebaji hao tangu ujana. Jina alipewa kwa sababu ya mdomo wake: penye mteremko mkali alipaza sauti, "Brekiii!" na wenzake wakakaza magoti. Sauti hiyo, asikwambie mtu, ilivuka bonde. Na sheria yake waliijua hata watoto: aliye hai hushushwa miguu mbele, ili kichwa kibaki juu; maiti ndiye hutangulizwa kichwa, maana damu haimsumbui tena. Kwa hiyo watu wa ng'ambo hawakuuliza. Waliutafuta kwa macho mto mweupe wa kulalia kichwa, kama uko mbele au nyuma, wakajua kama waombe dua au waanze kulia.

Siku hiyo aliyelala juu ya machela ni yeye mwenyewe. Homa ya mapafu ilimweka kitandani majuma kadhaa, na asubuhi pumzi ikaanza kumkatika. Mkewe alikuwa ng'ambo, mashineni, anasaga mahindi. Nafasi ya kumngoja haikuwepo. Mume wa binti yao akakusanya wanaume watatu, wakamnyanyua mzee juu juu.

Breki alichanganyikiwa tangu mwanzo. Njia ile aliijua kwa nyayo, si kwa kisogo. Sasa aliona mawingu na matawi tu.

"Tumefika kwenye jiwe la kupumzikia?"

"Tumelipita zamani, baba."

Hakuamini. Lipitwe vipi, na goti lake la kulia halijauma?

Halafu machela ikasimama, ikazungushwa, safari ikaendelea. Kichwa kimetangulia!

"Mwanangu, mbona mmenigeuza?"

"Nyamaza baba, usijichoshe."

Jibu gani hilo? Mkwewe angemweleza tu kwamba mvua zilibomoa njia ya zamani wakati yeye yuko kitandani, na njia mpya inapanda kwanza mgongo wa mlima kabla ya kushuka. Wakipanda, kichwa lazima kitangulie ili kibaki juu. Vijana walikuwa wanafuata sheria yake mwenyewe. Ila machela ilikuwa haijawahi kupita hapo, na miti ilificha ule mwinuko. Kutoka ng'ambo ulionekana mto mweupe tu, uko mbele.

Ng'ambo kukapasuka kilio. Breki akaitambua sauti ya kwanza: mama watoto. Anamlilia nani? Akajishika kifua. Kinadunda, au ni hatua za wabebaji? Mke analia, kichwa kiko mbele, na anaowauliza hawamjibu. Kila alivyofikiri alifika palepale, na palepale hapakueleweka, maana mgongo ulikuwa unamwuma vilevile.

"Nimekufa lini?" akauliza. Mkwewe alikuwa anahema, hakusikia.

Ndipo hofu ya kweli ikamshika, na haikuwa ya kufa. Mkewe ana presha. Alipopata habari za msiba wa kaka yake alianguka chini, akazinduka jioni. Akianguka huko mashineni, nani atambeba, na wabebaji wote wako huku?

Awe hai, awe maiti, atamwita. Akavuta pumzi, ikamchoma kifua kizima.

"Brekiii!"

Wabebaji wakakaza magoti kwa mazoea, nusura wamwangushe. Bonde zima likanyamaza. Muda ukapita, mrefu mno kwa mtu aliyelala chali. Kisha ikaja sauti, inatetemeka:

"We mwanamume! Umenimwagisha unga wote! Ngoja nivuke, utanitambua leo!"

Mkwewe akamwinamia. "Baba, vipi?"

Breki alikuwa analia na kucheka. "Niko hai, mwanangu. Angekuwa analilia maiti asingekumbuka unga. Nigeuzeni, anione miguu imetangulia."

"Baba, hapa tunapanda, damu itakujaa kichwani."

"Ijae."

Wakamgeuza, wakasimama hivyo mlimani, kichwa chini miguu juu, mpaka matusi ya ng'ambo yakageuka kicheko.