Lori Lililokunywa Gongo

Mwaka 1943 nilikuwa naendesha lori lililokunywa gongo.

Usicheke. Lilikunywa, na lilitembea.

Vita vilikuwa vimekula petroli yote. Iliyobaki ilitolewa kwa kibali, na kibali cha tajiri wangu kilikoma Machi. Lori likabaki uani kwangu Buguruni, kuku wakilala juu ya usukani.

Shule sikusoma. Magari nilijifunza kwa kufungua na kufunga. Siku moja niliona gongo likiwaka kwenye kijiko, nikajiuliza: linalowaka kijikoni litashindwaje kuwaka ndani ya injini?

Nikahangaika mwezi mzima. Nikapanua tundu la kabureta, pale mafuta yanapoingilia injini, maana gongo hutaka kuingia kwa wingi kuliko petroli. Nikajua adui yake ni maji. Basi kila debe nililipima: kijiko kimoja, kiberiti, nasubiri moto uzime. Kijiko kikibaki kikavu, zuri. Kikibaki na maji, nalirudisha likapikwe tena.

Mpishi alikuwa Tekla, mama wa bara aliyekaa Chang'ombe. Alipika gongo la mabibo kwa kificho, maana serikali ilikataza pombe hiyo.

"Debe kila wiki!" alinitania. "We baba una tumbo au una pipa?"

"Nina rafiki ana kiu."

Sikumwambia kwamba rafiki huyo ana magurudumu. Madereva wote wangejua, kisha polisi.

Hata mke wangu Zuena sikumwambia. Kaka yake, Hija, alikuwa askari polisi, na Zuena hakuwahi kumficha kaka yake kitu. Nilisema tajiri kapata kibali kipya.

Kila jioni nikarudi nanuka. Nguo, mikono, hata ndevu.

"Umeanza lini, mume wangu?"

Nikaenda kuoga. Vita vikiisha nitamweleza, niliwaza, tutacheka.

Zuena alikuwa mjamzito. Watoto wawili tulikwisha kuwazika, na daktari alisema huyu wa tatu azaliwe hospitali, mjini. Ndiyo maana nilitaka lori litembee, kwa njia yoyote.

Uchungu ukamshika asubuhi ile ile nilipoletewa debe jipya. Hija alikuwapo. Akampandisha dada yake, mie nyuma ya lori namimina gongo tangini.

Sikupima. Tekla hakuwahi kunikosea, na Zuena alikuwa analia.

"Shemeji, hata leo umelewa?" Hija akauliza.

Nikashika usukani. Zuena akageuza uso dirishani.

Injini ikawaka kwa mabaki ya debe la zamani yaliyokuwa kwenye kabureta. Tulipokaribia Ilala ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Nikachota kidogo kutoka tangini kwa kifuniko, nikawasha njiti.

Njiti ikafia humo.

Watu wakasukuma, wapi. Tukapata mkokoteni wa kubebea nazi, tukamlaza juu ya magunia. Jua kali. Njiani alinishika mkono, akaunusa, akauachia.

Tulifika. Wauguzi walituambia tungefika saa moja tu mapema wangewaokoa.

Nikazika wawili kaburi moja, mama na mwana.

Siku ya tatu Tekla akaja matangani, analia kuliko ndugu.

"Nisamehe, baba. Mkeo aliulizia madebe yanakotoka, akanijia Ijumaa. Akapiga magoti na tumbo lile. Akaniambia, 'Dada, unaniulia mume. Mtilie maji, asijue. Nataka mwanangu amkute baba yake.' Nikamwonea huruma. Nikatia nusu kwa nusu."

Hija alikuwa kakaa mkekani, anasikia yote. Akanitazama.

"Kumbe ulikuwa hunywi?"

"Sijaonja tangu nizaliwe, shemeji. Lilikuwa la lori."

"Ungeniambia."

"Ungenifunga."

"Ningekufunga," akasema. "Lakini ningemfikisha kwanza."

Hakunifunga. Nilitamani anifunge.

Simlaumu Tekla. Zuena ndiyo simlaumu kabisa. Alikuwa anaokoa ndoa yake kwa alichokijua, na alichokijua nilimpa mie.

Wewe unayesoma, kama kuna jambo unamficha mwenzio kwa nia njema, jua hakai bure. Anajitungia maelezo yake, na siku moja atayafanyia kazi kwa mapenzi yote aliyonayo.

Lori tulilivuta kwa kamba mpaka uani. Petroli iliporudi, tajiri aliniita niliendeshe.

Nilimwambia injini imekufa. Haikuwa kweli.

Kuku wakarudi juu ya usukani.