Kibuyu cha Resiato Kilichonuka Leleshwa

Nolari huingia nyumba ya mtu kwa pua kabla hajaingia kwa miguu. Ukimkaribisha maziwa, kwanza anafungua kibuyu, ananusa, ndipo anauliza hali ya watoto. Wapo wanawake wasiopenda tabia hiyo. Mimi nimeizoea. Tuliolewa katika boma hili la Loita mwaka mmoja, yeye akitoka milimani, mimi uwandani, na nilipojifungua Resiato, mtoto wangu wa kwanza, alinipa mtamba. Tangu siku hiyo hatutajani majina. Namwita Pakiteng naye ananiita Pakiteng, kama ilivyo kwa watu waliopeana ng'ombe.

Mimi ni mtu wa hofu. Mbuzi wakirudi jioni nawahesabu mara tatu. Nolari hahesabu kitu. Akienda kutafuta kuni anachelewa, kwa kuwa amechutama kutazama maua meupe yanayochipuka nyasini mvua ikianza, yale mepesi kama karatasi, au amesimama chini ya mgunga uliochanua, akinusa kama mtu asiyewahi kuuona. Mumewe alipofariki alinyamaza mwezi mzima. Kisha siku moja akapanda kutoka bondeni na mzigo wa kuni mgongoni, akicheka peke yake, eti nyani kamtupia tunda. Watu wakasema amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa amepona.

Lakini ninayotaka kusimulia hasa ni ya siku ya kumtoa Resiato.

Kwetu bibi harusi huondoka na kibuyu cha maziwa. Kabla hajatoka langoni, baba yake hupiga funda moja na kumpulizia kifuani, ndiyo baraka yake. Maziwa yakimshinda baba, akayatema chini, watasema mama kamfungia bintiye mkosi safarini. Kwa hiyo nilikuwa na hofu tangu kuamka. Kibuyu hutiwa moshi kwa mtamaiyo, mzeituni wa porini: unachoma ncha ya kijiti, unakiingiza kikiwa bado kaa jekundu, unasugua ndani mpaka harufu ishike, halafu unapangusa majivu. Kazi hiyo naifanya tangu usichana wangu. Asubuhi ile nikachomoa kijiti katika rundo la kuni bila kukitazama, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa Resiato, aliyekuwa akivishwa shanga. Nikamaliza, nikatia maziwa, nikafunika.

Nolari akaja. Akafungua. Akanusa mara moja, akanusa tena.

"Pakiteng, maziwa haya unampelekea mkweo au moran wanaokwenda ngomani?"

"Kwani yana nini?"

"Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Leleshwa! Kile kichaka cha kijivu ambacho vijana hukata majani yake, wakayabana kwapani ili wanukie mbele ya wasichana.

"Maziwa ya kwapa!" Nolari akashika mbavu. "Baba Resiato akipiga funda ataruka juu kama ana miaka ishirini!"

"Usicheke, mwenzio nakufa!"

"Utakufa kesho. Leo tuna harusi."

Nikapekua rundo lote: leleshwa tupu. Majirani walikuwa wamemaliza mtamaiyo wao jana kwa vibuyu vya wageni, na wa mlimani ni safari ya nusu siku. Nje wazee walikwisha kaa, na msindikizaji wa bwana harusi alikuwa akitazama jua.

Nolari akatoka mbio. Punde nikasikia kishindo, kisha sauti ya Noosim, mke wa mwanawe:

"Mama! Nyumba inaanguka, na mimi nimo ndani!"

"Basi toka!"

Akarudi amejaa vumbi la samadi kichwani, amebeba nguzo ya mlango wake. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, kama tujengavyo wanawake wote huku, na nguzo hiyo aliibeba mwenyewe kutoka kwao milimani.

"Mtamaiyo," akasema akihema. "Umekula moshi miaka tisa. Lete shoka."

"Pakiteng, nyumba yako!"

"Imeinama tu. Hata mimi nikizeeka nitainama. Lete shoka!"

Akapasua, akachoma, akasugua mpaka harufu ya leleshwa ikaisha. Yale maziwa nilikuwa nimeshammwagia mbwa. Naye akanusa, akapiga chafya, akaenda zake. Bahati nzuri Nolari ana ng'ombe mmoja mkaidi anayebana maziwa mpaka jua lipande. Tukamkimbilia, tukamkamua wote wawili, huyu upande huu, huyu upande ule, huku wazee wakiita langoni kwamba wanawake wa boma hili wamelala.

Resiato akasimama mbele ya baba yake, nyasi mbichi za baraka zikiwa ndani ya viatu vyake. Mume wangu akainua kibuyu. Sikutazama kitu kingine ila koo lake. Akapiga funda, akalishika mdomoni muda mrefu mno, nikaona dunia imesimama. Kisha akampulizia kifuani, pyuu, maziwa yakatiririka juu ya shanga.

Wanawake wakapiga vigelegele. Naye akainua kibuyu tena, akanywa, na safari hii hakupulizia. Akanywa tena.

"Baba Resiato!" Nolari akamkemea mbele ya wazee wote. "Hayo ya kubariki, si ya kushiba!"

"Natafuta baraka iliyobaki chini."

"Iliyobaki chini ni ya mkweo. Lete hapa!"

Akamnyang'anya, akaziba mdomo wa kibuyu kwa nyasi, akamtundikia Resiato begani. Bibi harusi hupaswa kuondoka akilia, wala haruhusiwi kugeuka nyuma. Hakugeuka. Lakini nilimwona mabega yakimtikisika njia nzima mpaka mtelemkoni, na mimi ninayemjua nilijua kilio hakitikisi hivyo. Nami nilikuwa nimejiandaa kulia tangu mwezi uliopita. Sikupata hata nafasi.