Kijana wa Suguti na Sakafu ya Ghala

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa sekondari Musoma, na nilikuwa nimechoka. Asubuhi darasani, mchana shamba la shule, jioni kisomo cha watu wazima. Mpira wa magongo niliangukiwa nao tu. Vijana wa Kihindi wa mtaa wa Mukendo walipohama na wazazi wao walituachia fimbo zao, na mkuu wa shule akaamua kwamba mimi ndiye ninayejua sheria za mchezo.

Mchezaji wangu bora alikuwa kijana wa Suguti. Alikuwa amekwisha kumaliza shule, analima pamba na mama yake, lakini kila Jumamosi alikuja mjini kucheza. Uwanja wetu ulikuwa changarawe na mashimo. Mpira ukiruka ovyo, wenzake walikwepa. Yeye aliutuliza kwa fimbo, akaondoka nao.

Daktari mmoja Mzungu wa misheni, aliyewahi kucheza kwao, alimwona. Akaniambia kuna klabu Ulaya ingemchukua acheze kwa mshahara, mradi mimi niseme anaweza.

"Kwa nini mimi?"

"Mimi nimemwona mara chache tu. Wewe ndiye umemfundisha."

Viwanja vya kwao, alisema, ni tambarare kama meza. Sisi hatukuwa na uwanja wa namna hiyo. Nikakumbuka ghala la pamba la Bunda, ambalo msimu ukiisha hubaki tupu. Nikaomba ruhusa, tukapanda basi pamoja na wachezaji wachache. Mama yake na daktari nao wakaja.

Kwenye sakafu ile ya saruji kijana alihangaika. Mpira haukuruka, na mikono yake ilikuwa inasubiri uruke. Baadaye akauzoea, akaanza kuwapita wenzake mmoja mmoja. Daktari akapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine: kila alipopokonywa mpira, alisimama akainamia fimbo yake, mchezo ukaendelea bila yeye. Nilikuwa nimemkemea kwa hilo mpaka nikachoka.

Mama akanisogelea. "Mwalimu, huyu analalaga na hiyo fimbo. Niambie tu, atafika?"

Nilitamani mtu mwingine ajibu. "Atacheza, mama. Lakini sidhani atakuwa mchezaji mkubwa. Akinyang'anywa mpira anakata tamaa, na huko watamnyang'anya sana."

Kijana alikuwa nyuma yetu, jasho linamtoka. "Nimesikia, mwalimu," akasema. "Lakini nataka kwenda."

Mama akamgeukia, akasema, "Basi nenda."

Daktari nilimwambia maneno yale yale, naye hakubadili nia. Kijana akaondoka kabla ya mvua za vuli.

Miaka mingi ikapita. Siku moja akaja kunisalimia nyumbani, mtu mzima, mnene kidogo, anachechemea. Alikuwa amecheza misimu michache katika timu ya pili ya klabu ile, wala hakupandishwa. Goti lilipoharibika akajifunza ufundi wa mitambo, kazi anayoifanya huko hadi sasa. Akasema amemjengea mama yake nyumba Butiama, ambako mama alihamia kwa dada yake.

Tulikunywa chai. Nikamuuliza kama wachezaji wa huko walikuwa wazuri kweli.

"Wazuri, mwalimu. Wanakimbia tu, hawasimami." Akaweka kikombe chini. "Ulisema kweli siku ile. Lakini mpaka leo sijaipenda ile kauli yako."

"Hata mimi sikuipenda," nikamwambia, nikammiminia chai nyingine.