Maadamu Atabaki Mjane

Mama yangu ana sheria yake peke yake. Sisemi hivi kwa kumtania, ingawa kumtania ni kazi yangu ya kudumu. Huko nyumbani, katika vitabu vya sheria vya serikali, kuna ukurasa mmoja usiomhusu mtu mwingine yeyote. Unamtaja mama kwa jina, unamtaja marehemu baba, kisha unaamuru mama alipwe pensheni kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake, maadamu atabaki mjane.

Baba alikuwa kibarua wa idara ya ujenzi, wa kuitwa asubuhi na kuachwa jioni, miaka nenda miaka rudi bila barua ya ajira. Mto ulipofurika na daraja walilokuwa wakilitengeneza likaanza kwenda na maji, alirudi mara tatu kuwavusha wenzake. Mara ya nne hakutoka. Walimtafuta wiki nzima, mto haukumrudisha, kwa hiyo baba hana kaburi. Nilikuwa darasa la tatu.

Kibarua hana pensheni wala familia yake haina cha kudai. Ndivyo mama alivyoambiwa kwenye kila dirisha aliloinamia. Aliyemsaidia ni mbunge wetu wa wakati ule, ambaye alihangaika mpaka wizara ikakubali, akapeleka bungeni muswada binafsi kwa ajili ya mjane mmoja tu. Mama alikwenda kusikiliza akiwa amevaa viatu vya kuazima. Muswada ulipopita wabunge wakapiga meza kwa furaha, naye akadhani wamekasirika, akainuka aondoke zake. Mpaka leo akisimulia anacheka hadi anafuta machozi.

Pensheni ile ndiyo iliyoninunulia daftari, sare na godoro la bweni. Sharti lake lilikuwa moja: kila mwanzo wa mwaka mama ajaze fomu kwamba yu hai na bado ni mjane, na mtu anayemfahamu atie saini na muhuri. Kazi hiyo ilikuwa ya mtendaji wa kata. Kila mwaka mtendaji alimuuliza, "Mama, bado hujapata mchumba?" Mama akamjibu, "Nani atanitaka na magoti haya?" Wakacheka, muhuri ukagongwa, tukaenda kula chapati.

Mwaka huu fomu ilimkuta Guangzhou, China. Alikuja nilipojifungua, akanikuta katika chumba chetu cha mtaa wa Xiaobei nikiwa sijui hata mtoto analia nini. Mume wangu anafanya kazi Foshan, mji wa jirani, na hurudi mwisho wa wiki. Ndani ya siku tatu mama alishapata utaratibu wake: mtoto mgongoni kwa mbeleko, mguu kwa mguu sokoni, bibi wa Kichina wakimfuata nyuma wamshike mjukuu mashavu. Aliuliza bei kwa vidole, na alijua neno moja tu la Kichina, *meiyou*, yaani hakuna, ambalo alilitumia kwa wauzaji kabla wao hawajalitumia kwake.

Wiki ya pili, akikunja nepi, aliniambia kama anayeniambia chumvi imekwisha: "Kuna mtu ameleta posa."

Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu anayefundisha kwaya kanisani kwetu, aliyefiwa na mkewe siku nyingi. Alipiga simu ya video kila siku saa tano ya kwetu, kwake ikiwa ndiyo kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Mama alifunga kitambaa kipya kichwani kwa ajili ya simu hiyo. Mimi nilinuna. Nikipokea simu, nilimwambia, "Habari za asubuhi, mwalimu," basi. Mtu wa umri wa baba yangu, na shikamoo nikamnyima. Alijibu kwa upole kama hajaona. Mama aliona.

Kazi yangu ni ya ofisi ya mizigo pale jengo la Tianxiu. Mteja anakuja na bidhaa zake, tunapima, tunafunga, tunaandika orodha ya mzigo. Tuna desturi moja ambayo sijivunii: karatasi tunazigonga mihuri kabla hazijaandikwa kitu, kibunda kizima, ili siku ya haraka tusichelewe. Na kinachoandikwa si lazima kifanane na kilichomo. "Dada, andika nguo tu," wateja husema, "laobani wa kontena hana noma," yaani bosi hana tatizo. Nami naandika nguo. Mkono umeshazoea.

Kwa hiyo mama mdogo, aliyebaki nyumbani, alipotutumia fomu ya pensheni kwenye simu, niliichapa ofisini, nikaigonga muhuri wetu mwekundu wa duara, nikajaza mwenyewe. Yu hai: ndiyo. Bado mjane: ndiyo. Shahidi: mimi. Nikaileta nyumbani atie saini tu, nirudishe picha yake kabla ya chakula cha mchana.

Mama alitafuta miwani, akaisoma mpaka chini.

"Nani kakuambia uandike hivi?"

"Kwani uongo? Leo hii umeolewa?"

"Sijaolewa."

"Basi. Fomu inauliza ya leo."

"Nimeshampa mtu neno langu, mwanangu."

"Neno halina cheti, mama. Na hata hiyo ndoa, mchungaji awabariki kimyakimya, msiandikishe popote. Nani atajua? Sisi hapa kila siku tunaandika nguo, na ndani mmejaa simu."

Alivua miwani. "Mimi si kontena," akasema.

Niliona aibu, na aibu yangu hugeuka hasira upesi. Nikamwambia kwamba mwalimu hana chochote zaidi ya pensheni yake ndogo, kwamba magoti yanataka dawa, kwamba serikali haitamtafuta bibi mmoja. Alinisikiliza yote huku akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Hela hii baba yako ndiye aliyeifanyia kazi," akasema nilipomaliza. "Amenilisha tangu wewe ukiwa na meno ya utoto. Leo nimwandalie mume mwingine meza kwa jasho lake, halafu niandike kwamba bado namlilia? Siwezi. Nimekula nimeshiba. Nashukuru."

Hapo ndipo lililokuwa likiniuma lilipotoka. Hela hazikuwa shida yangu. Nikamwambia, "Unamfuta baba. Hana kaburi, hana jiwe, hana hata cheti cha kazi. Jina lake limebaki kwenye ule ukurasa tu. Ukirudisha pensheni, ukurasa unakwisha, na yeye anakwisha."

Mama alikaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimwona amechoka. Mtoto alikuwa ameshalala. Tulikaa hivyo mpaka wali ukaungua jikoni.

Kesho yake aliniomba niandike barua. Yeye alisema, mimi nikachapa, na sikuongeza neno. Aliwashukuru wabunge, hata waliokufa. Alieleza kwamba anakusudia kuolewa, kwa hiyo pensheni isimame, ipewe mwingine mwenye haja. Mwisho akaniambia niongeze kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri. Nikaikunja, mteja wetu mmoja aliyekuwa akisafiri akaibeba, na mama mdogo akaipeleka wizarani kwa mkono wake.

Majibu yalikuja kwa ujumbe wa sauti wiki chache baadaye. Mama alikuwa bafuni akimwogesha mtoto, nikausikiliza peke yangu. Mama mdogo alisema karani alikuwa ameisoma barua mara mbili, akaita wenzake nao waisome. Malipo yatasimama ndoa ikifungwa. Lakini sheria yenyewe itabaki vitabuni kama ilivyo, na majina yote mawili, kwa sababu kuiondoa kunataka muswada mwingine, na karani haoni ni mbunge gani atakayesimama kuomba jina la mtu kama yule lifutwe.

Nilikuwa bado nimeshika simu nikilia, pua inanivuja kama mtoto, ilipoita. Saa tano kamili. Nikaipokea vilevile nilivyo.

"Kuna nini?" mwalimu akauliza, akisogeza uso karibu na kioo. "Mama mzima?"

Nikamweleza yote, barua na majibu ya karani. Nyuma yake niliona daftari la kwaya na kikombe cha chai.

"Nilitaka kukuuliza jambo," akasema. "Jumapili hii wanaanza kutangaza ndoa yetu kanisani. Katibu aliniuliza aandike mjane basi, au aandike mjane wa nani. Nimemwambia aandike jina la baba yako kamili, na lisomwe Jumapili zote tatu, watu walisikie. Yule bwana alivusha watu, haifai nipite juu yake kimya. Lakini wewe ndiye mtoto wake. Nisingependa lisomwe bila ruhusa yako."

Kichwani nilikuwa naisikia sauti ya katibu wa kanisa letu ikilitamka jina la baba mbele ya mabenchi yaliyojaa, mara tatu, jina ambalo halijawahi kusomwa katika mazishi yoyote.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kama mtu aliyekuwa akiipokea kila siku.

Kule bafuni, alikokuwa mama, maji yakaacha kumwagika.