Watoto Watatu Ambao Hawakuwepo

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kijijini kwetu Tlawi. Barua naandika, Biblia nasoma, ng'ombe wangu nawahesabu bila kusaidiwa. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu kuniuliza hizi habari za mwili nilizisomea wapi. Nilizisomea mwilini mwangu.

Nilikuwa msichana mwembamba. Kule kwetu ni milima. Ukienda kisimani unashuka, ukirudi unapanda na ndoo kichwani. Tulikula ugali wa mtama, maharage, mboga za majani na mtindi. Sukari tuliiona Krismasi. Hedhi yangu ilikuja kila mwezi, nami sikuifikiria, kama mtu asivyofikiria kupumua.

Nikaolewa Dirma, Hanang, na Tluway, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Na mimi nikapata kazi kantini ya shamba. Hapo ndipo mambo yalipoanza, ingawa mimi niliona ni baraka. Asubuhi chai ya maziwa, sukari vijiko vitano. Mkate mweupe. Saa nne maandazi. Mchana wali au chapati, na zilizobaki tulizimaliza sisi wapishi. Kutembea nikaacha kabisa. Lori la shamba lilinichukua mlangoni na kunirudisha mlangoni.

Nikanenepa. Watu wakamsifu mume wangu, "Tluway, mke unamtunza." Madereva wakaniita Kambaini, kama ile mashine ya kuvunia, kwamba nikipita mlangoni hapiti mwingine. Nilicheka nao. Kwetu mtu mnene ni mtu aliyeshiba.

Mwaka wa pili hedhi ikakata. Mwezi mmoja, miwili, mitano. Nikamwambia mama mkwe nina mimba, akafurahi sana. Mwezi wa sita nikiwa nakanda unga, tumbo likanikata. Damu ikatoka mabonge mabonge, ikaloanisha kanga mbili, ikaendelea siku kumi na moja. Mama mkwe akaangalia kanga zile, akasema, "Mtoto ametoka."

Sasa sikilizeni. Kwa desturi yetu Wairaqw, mwanamke aliyeharibikiwa na mimba aliwekwa metimani. Maana yake anatengwa. Haingii nyumba ya mtu, hachoti maji pamoja na wengine, hapewi mkono, hapiti karibu na ng'ombe wa jirani. Anakaa hivyo miezi mpaka wazee waseme basi. Siku zile kanisa lilikuwa linaikataza na wengi walikwisha kuiacha, lakini mama mkwe alikuwa mtu wa zamani. Nikakaa. Nikamlilia mtoto wangu.

Nikatoka, nikarudi kantini. Mkuu wa jikoni alikuwa mtu wa Singida, desturi zetu hazikumhusu, akanipokea. Nikarudia mkate na maandazi yangu. Hedhi ikakata tena. Damu ikamwagika tena. Metimani tena. Halafu mara ya tatu.

Wakati huo nilikuwa nimeota ndevu. Ndiyo, ndevu, kidevuni, nazinyoa kwa wembe wa mume wangu kabla hajaamka. Uso una chunusi kama wa kijana. Shingo imekuwa nyeusi. Mama mkwe alifikiri ni uchafu, akanisugua kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka. Weusi ukabaki.

Baba mkubwa wa Tluway akaja kwangu, akasimama mbali kama desturi inavyotaka, akasema kwa sauti, "Watoto watatu umewatupa. Metimani ikiisha utarudi kwa baba yako. Tutamtafutia Tluway mke mwingine."

 Mzee alipoondoka, Tluway akaniambia, "Nenda Haydom hospitali. Kesho. Usingoje metimani iishe."

"Nitapandaje basi na watu?"

"Utapanda kwa miguu yako."

Nikapanda. Mama mmoja wa kijijini akanitambua, akanong'ona, "Huyu yuko metimani." Watu wakasogea, wakabanana kule nyuma. Nikapata siti nzima peke yangu mpaka Haydom. Aibu niliisikia, lakini nilikaa vizuri.

Daktari alikuwa mwanamke, mfupi, haraka haraka. Akauliza, "Mimba tatu zimeharibika. Kila mara ulikuwa umepimwa?"

"Kupimwa nini? Hedhi ikikata si ni mimba?"

Akanitazama. Akanilaza, akanipaka mafuta tumboni, akapitisha mashine ya picha. Akaangalia kidevu, akaangalia shingo. Akauliza ninakula nini. Nikamwambia kwa fahari kabisa, maana wengi Haydom siku hizo hawakuwa na mkate.

Akasema, "Mama, kwa hizi dalili zako sidhani kama umewahi kushika mimba. Mayai yako yanaanza kukua, hayapevuki, yanabaki vijifuko vidogo vidogo. Yasipopevuka hedhi haiji. Ukuta wa ndani wa kizazi unazidi kuwa mnene, siku ukiachia unamwagika wote. Hayo ndiyo mabonge."

"Kwa hiyo watoto wangu?"

"Hawakuwepo."

Mtu atadhani nilifurahi. Nilikasirika. Miezi yote ile nimelia, nimetengwa, nimechotewa maji na mume kama mgonjwa wa ukoma, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo.

Daktari akaniacha nikasirike. Halafu akasema, "Nitakupa vidonge vya kurudisha hedhi. Lakini vidonge peke yake havitoshi. Sukari acha. Unga mweupe acha. Tembea kila siku mpaka utoke jasho. Hutakiwi kuwa kama kijiti. Ukipungua kiasi tu, mwili unaweza kukumbuka kazi yake."

Nikarudi, nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Sikusimama mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unanisogelea?"

Nikamweleza yote. Akasema, "Karatasi ya hospitali haiondoi metimani."

"Basi nipeni muda mpaka ngano ya mwakani ivunwe. Nikishindwa nitabeba mzigo wangu mwenyewe mpaka Tlawi, hamtanisindikiza."

Mama mkwe akalipeleka neno langu kwa wazee, wakakubali, nadhani kwa kuchoka na mdomo wangu.

Metimani ilipoisha nikarudi kantini, lakini lori nikaliacha. Asubuhi kwa miguu, jioni kwa miguu, madereva wakipita wananipigia honi, "Kambaini imeishiwa dizeli." Kantini nilipika chapati za watu na kula kiporo changu cha dona na maharage. Chai nilikunywa kavu, bila sukari. Wiki ya kwanza niliiona kama maji ya kuoshea vyombo. Kichwa kiliniuma. Mara mbili niliiba andazi kwenye sinia langu mwenyewe, sitawadanganya. Nyumbani nikalima bustani: maharage, mnavu, mgagani. Tluway akala ninachokula, akanung'unika, akala.

Hedhi ya kwanza ilikuja kwa vidonge. Daktari alipovisimamisha nikangoja. Mwezi ukapita bure. Mwezi uliofuata ikaja yenyewe, siku nne, bila mabonge. Nikachora mstari wa mkaa ukutani. Ukaja wa pili. Mama mkwe akauliza ile mistari ni ya nini, nikamwambia. Tangu hapo nilimwona akiihesabu kila alipokuja.

Nikapungua. Wale waliomsifu Tluway sasa wakasema nina ule ugonjwa mpya wa kukondesha. Niliwaacha waseme.

Ngano ilipoanza kukauka shambani, hedhi ikachelewa. Safari hii sikumwambia mtu. Nilikwenda Haydom kupima kwanza. Yule daktari akatoka na jibu, akasema, "Huyu yupo."

Nilijifungua binti, na baada yake wavulana wawili. Katikati nilijisahau, nikarudia soda na mikate, hedhi ikakata na ndevu zikarudi. Kwa hiyo siwaambii nimepona. Ugonjwa huu unatawaliwa, kama mbwa mkali. Ukilegeza kamba, atakuuma.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama mfupi wa Haydom, na Tluway aliyenipandisha basi. Dada zangu, hedhi ikipotea miezi mitatu usikae na furaha wala na hofu, nenda ukapimwe. Ukiota ndevu, mwonyeshe daktari, usimfiche. Dawa ukipewa, meza. Na sahani yako iangalie kabla hujamlaumu mchawi.

Mama mkwe hakuniomba radhi, na sikumdai. Lakini mwaka mmoja mke wa jirani alitokwa na damu, wanaume wakakusanyika kutaka kumtenga. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, akawaambia, "Mpelekeni kwanza Haydom. Tusimlilie mtu kabla hatujajua kama alikuwepo."

Wakampeleka.