Gari Lililovuja Mlimani Tu

Mama yangu amebakiwa na dada mmoja tu, naye ameolewa Marangu. Hawakuwa wameonana tangu mama avunjike nyonga. Pikipiki hazipandi tena, na mama mkubwa macho yamemfifia, hatoki nyumbani. Tegemeo likawa gari langu, na gari langu lilinuka petroli.

Ni gari dogo la zamani, nami nalipenda kuliko linavyostahili. Nilipofika nalo Uru Jumamosi moja kumchukua mama, alishajifunga kanga yake nzuri na mkungu wa ndizi ulikuwa mlangoni. Alifungua mlango wa gari, akanusa, akaufunga. Nikamwambia magari ya zamani ndivyo yalivyo. Akanijibu bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, nataka kufika kwa dada yangu nikiwa mzima, siyo nikiwa mkaa."

Akaniamuru nilitoe gari uani, niliweke mbali na jiko lake la kuni. Nilikasirika, tena zaidi kwa sababu alikuwa na haki.

Fundi wangu yuko Njoro mjini, jirani na ninapoishi. Alilala chini ya gari, akapapasa bomba lote kutoka kwenye tanki mpaka kwenye kabureta. Pakavu. Akakaza klipu moja iliyolegea, nikapanda Uru na furaha yangu. Kufika tu, harufu ile ile. Akabadilisha mpira wa pampu, Uru, harufu. Jirani yangu akasema gari linamwogopa mama, nami nikacheka kwa shingo upande. Mama mwenyewe aliacha kuuliza tutaondoka lini, na hilo liliniuma.

Mara ya nne niliapa sishuki kabla sijamjua mchawi. Nikatandika boksi kando ya migomba, nikajilaza chini ya gari mchana kweupe, huku nikitukana kimoyomoyo. Nyuma palikuwa pamelowa, na petroli ilichuruzika kutoka juu ya tanki. Nikatazama gari lilivyokaa: limeelekea mlimani, kama magari yote ya kwetu yanavyoegeshwa. Ndipo nilipoelewa. Sisi watu wa mlimani tukienda nyumbani tunajaza tanki mjini mpaka shingoni, maana huko juu petroli inauzwa kwenye chupa za maji na hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Tanki limejaa, gari limeinua kichwa, petroli yote inarudi nyuma. Njoro ni tambarare, na kila nilipompelekea fundi gari, tanki lilikuwa limeshashuka nusu. Tulikuwa tunampima mgonjwa akiwa amepona.

Nikageuza gari litazame bondeni, matone yakakatika, nikashuka nalo taratibu.

Fundi alinisikiliza, akakuna kichwa, akasema basi tumletee mlima hapa hapa. Tukajaza tanki, akainua mbele kwa jeki, akaweka magogo chini ya magurudumu, tukachutama nyuma. Tone likaja, kisha jingine. Mpira unaotoka kwenye mdomo wa kujazia kwenda kwenye tanki ulikuwa umepasuka upande wa juu, mahali ambapo jicho halifiki. Akachomoa waya wa betri, akahamishia petroli kwenye madumu, akautoa ule mpira. Mpira mwingine niliupata Kiboriloni kwa muuza spea, na niliukunja na kuunyoosha mbele yake mpaka akaudhika. Ukafungwa, tukajaza tena, tukainua tena. Tulisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Pakavu. Nilimkumbatia fundi na mafuta yake yote.

Jumamosi iliyofuata mama alilizunguka gari polepole, ananusa kila pembe, mimi nikiwa roho juu. Hakusifu kitu. Akaketi kiti cha mbele, akaniuliza nangoja nini.

Marangu tulimkuta mama mkubwa ameketi barazani, uso ameuelekeza kwenye sauti ya gari. Kule Uru hajabaki mtu wa kumzidi mama umri. Kwa miaka mingi nimemsikia akiitikia marahaba tu, asubuhi mpaka jioni. Sasa alijikokota hadi barazani, akainama.

"Shikamoo, dada," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Mama mkubwa akaupapasa uso wake kwa mikono yote miwili, hakuwa na haraka.

"Marahaba, mdogo wangu. Ulichelewa wapi?"