Kisu cha Pili Kilitaka Nisogee

Iko siku moja ambayo mguu wangu wa kushoto haukuisikia kabisa, mwanangu, lakini mimi nitaikumbuka mpaka nizikwe. Ilikuwa miaka ya tisini, mwezi wa saba, wakati ule wa baridi ambapo ukungu wa huku kwetu Boito hulala juu ya chai mpaka saa nne. Nilikuwa nimechuma tangu alfajiri. Nikabeba kikapu mgongoni, nikateremka kwenye tope mpaka banda la chai, pale tunapopimiwa majani, nikasimama kwenye foleni na wengine. Wanawake wakaanza kucheka.

"Arap Langat," mmoja akaniita, "kiatu kingine umemwachia nani?"

Nikatazama chini. Mguu wa kulia una gambuti. Wa kushoto uko mtupu, umejaa tope, na kidole kikubwa kinatoka damu. Gambuti ilikuwa imenaswa na tope huko nyuma, na mimi nikaendelea kutembea kama bwana harusi. Sikusikia ikinitoka. Sikusikia jiwe lililonikata. Hata baridi sikusikia.

"Nimempa fuko," nikasema. "Yeye anakaa chini huko, ana baridi kunishinda."

Wakacheka tena. Mke wangu Chelangat tu ndiye hakucheka. Alikuwa kwenye meza ya kuchambua majani, na aliutazama ule mguu wangu vile mtu anavyotazama paa linalovuja.

Sasa nikueleze, maana nyinyi vijana mnaniona nimesimama hivi mnafikiri nilizaliwa hivi. Shule niliacha darasa la nne. Hii chai yote, hawa ng'ombe, hii nyumba ya mawe, nilitafuta kwa mikono yangu, hakuna mtu alinipa. Kwa hiyo sina maneno ya vitabu. Nina yale niliyopitia.

Mgongo wangu ulianza kupinda nikiwa kijana wa kubalehe. Ulipinda kidogo, nani angejali? Lakini nilipokuwa mtu mzima, nina mke na watoto, ukaendelea. Bega la kulia likapanda, mbavu zikatokeza nyuma kama kilima, kiuno kikaenda upande wake. Chelangat alikuwa akisema shati langu linakaa kama limeanikwa na mlevi. Nikipanda mlima pumzi inakatika. Usiku maumivu yanateremka mguuni kama maji ya moto, halafu baadaye yakaacha kuteremka, nami kwa ujinga wangu nikafurahi nikadhani nimepona. Kumbe mguu ulikuwa unakufa ganzi.

Unauliza watu hawakuona? Ndiyo, hawakuona, kwa sababu ya kikapu. Katika nchi ya chai kila mtu ameinama, na kikapu kinafunika mgongo wa kila mtu. Nilikivaa asubuhi kabla jirani hajapita, na bandani nilikuwa wa mwisho kukiteremsha, kisha naegemea nguzo kama mtu anayengoja habari. Kanisani nilivaa koti kubwa la mtumba kutoka Kapsoit, hata kama jua linachoma. Wachache walioona waliniambia, samaki mkunje angali mbichi, wewe umeshakauka, kaa hivyo hivyo. Nami nikakaa.

Na nilikuwa na sababu nyingine iliyonifunga zaidi. Sisi Wakipsigis, mwanaume hupashwa tohara akiwa na akili zake zote, na kisu kinapopita hata ukope hausogei. Ya kule jandoni sisemi, hayo hayaandikwi. Lakini hilo moja kila mtu analijua: ukitingishika, umejiaibisha wewe na baba yako. Mimi sikutingishika. Nikatoka huko nikiamini kwamba mwanaume ni yule asiyesema "ai" mpaka kaburini.

Basi Chelangat hakuniomba ruhusa. Alinipeleka hospitali ya karibu, wakanipiga picha, wakatutuma Nairobi kwa daktari wa mifupa, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Aliiweka picha yangu mbele ya taa. Mgongo ulikuwa umejikunja kama herufi ya S. Hiyo herufi ninaijua, hata kwa darasa la nne.

"Bwana Langat," akasema, "hakuna mtu aliyekuroga, na si kikapu. Lakini ukikaa hivi, mguu utaendelea kufa na kifua kitabanwa. Naweza kukupasua, niweke vyuma viwili kando ya mgongo, nivifunge kwa skrubu, mifupa ishikane. Mgongo wa mtu mzima ni mgumu, sitaunyoosha kama rula. Na iko hatari ya kuamka miguu haifanyi kazi. Mimi nimekuambia ukweli. Wewe pia uniambie."

Akaniambia nifumbe macho. Atanidunga miguuni na pini polepole, na mimi niseme ninaposikia.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia."

"Hapa je?"

"Hapo nasikia vizuri sana, daktari."

Chelangat akaguna. Daktari akasema, "Hapo sijakugusa."

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Yeye hakucheka. Akavuta kiti, akakaa karibu nami, akanieleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kusikia. Katikati ya upasuaji, akishauvuta mgongo na kufunga vyuma, hupunguza dawa ya usingizi. Mgonjwa anarudi kidogo, nusu yuko hapa, nusu yuko mbali. Anaitwa jina. Anaambiwa asogeze vidole vya miguu. Akisogeza, daktari anajua mishipa ya kuteremka miguuni iko salama. Asiposogeza, vyuma vinalegezwa haraka na mgongo unarudi ulikokuwa.

"Sasa wewe," akasema, "mtu anayenidanganya akiwa macho, utanijibu nini ukiwa nusu usingizini? Nenda nyumbani. Ukiwa tayari kusema mwili wako unasikia nini, rudi. Lakini usichelewe, mguu haukungoji."

Nikarudi Boito nimekasirika, na ndani kwa ndani nimefurahi. Nilikuwa nimepata njia ya kukwepa. Nilimwambia Chelangat, "Umeona? Daktari mwenyewe amekataa."

Kesho yake akavaa kitambaa chake cha kanisani akaenda Sigor, kwa Mzee arap Tonui. Huyu alikuwa motiriot wangu, yaani yule mzee aliyetutunza na kutufundisha kule jandoni. Mwanamke haingilii mambo ya huko, na Chelangat hakuyaingilia. Alimwambia maneno matatu tu: "Mwanafunzi wako amekwama."

Mzee akaja. Alikuwa amezeeka, fimbo mkononi, macho bado makali kama ya kipanga. Chelangat akampa chai, kisha akatuacha peke yetu kando ya zizi.

"Vua shati," mzee akasema.

"Mzee, kuna baridi."

"Nimekuuliza habari ya baridi?"

Nikavua. Akaja nyuma yangu. Nilisikia ncha ya fimbo yake ikianza shingoni, ikafuata mgongo wangu ukienda kulia, ukirudi kushoto, mpaka kiunoni. Nilikuwa sijamwonyesha mtu ule mgongo mchana, isipokuwa mke wangu na madaktari.

"Nani alikufundisha kunyamaza?" akauliza.

"Ni wewe, mzee."

"Nilisema unyamaze mpaka lini?"

Nikamtazama ndama zizini.

"Asubuhi moja!" Akaipiga ile fimbo chini mpaka ndama akaruka. "Asubuhi moja, mjinga wewe! Kisu kikapita, ukala nyama, ukaoa, ukazaa. Nani alikuambia umnyamazie daktari? Nani alikuambia umnyamazie mke? Ng'ombe wako akichechemea, unamsifu kwa kuwa hasemi? Si unainua kwato utazame?"

Nikasema, kwa sauti ndogo, "Naogopa, mzee." Ndiyo mara ya kwanza nilisema neno hilo tangu niwe mwanaume. "Wataniita nikiwa usingizini, wataniambia nisogee, na mwili wangu ulifundishwa kutosogea mbele ya kisu. Mwili ukikumbuka yale ya kwanza na kutulia, watafikiri nimepooza."

Mzee alikaa kwenye kigoda. Hasira yake ikatoka kama moshi unavyotoka kwenye nyasi za paa, polepole.

"Kisu cha kwanza kiliuliza kama wewe ni mwanaume," akasema. "Hilo tulishajibu, mimi nilikuwa pale. Cha pili kinauliza kama wewe ni mzima. Si swali lile lile, kwa hiyo jibu si lile lile. Mimi ndiye niliyekufunga kwa neno, na leo mimi ndiye ninayekufungua. Ukiitwa, sogea."

Akanitemea mate kifuani, ile baraka ya wazee, akainuka akaomba chai nyingine.

Tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa jando la pili, na mwalimu akiwa Chelangat. Jioni nikisinzia karibu na moto, ananiita ghafla: "Arap Langat! Sogeza vidole!" Watoto wanakufa kwa kicheko. Mimi nasogeza. Mguu wa kushoto ulikuwa unasogea kidogo tu, kama kinyonga anayefikiri, lakini ulikuwa unasogea.

Tukarudi Nairobi. Safari hii nilimwambia daktari kila kitu: hapa sisikii, hapa panaungua, hapa ni kama siafu wanapita. Nilisema mpaka akaniambia, "Basi, bwana Langat, inatosha." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Chelangat akaomba, nami nikaitikia amina, wakanisukuma ndani.

Ninachokumbuka ni kidogo. Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti mbali sana, kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Arap Langat. Arap Langat, sogeza vidole vya miguu. Na kweli, mwanangu, mwili wangu ulifanya kile nilichokiogopa. Ulitulia tuli. Hata ukope. Nilikuwa kijana tena, alfajiri, na baba yangu ananitazama.

Sauti ikaja tena. Na safari hii nikasikia fimbo ikipiga chini, na ndama akiruka. Nikasogea.

Daktari alinieleza baadaye. Mara ya kwanza hakuona kitu, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye skrubu ili alegeze. Akasema tumwite tena. Mguu wa kulia ukasogea. Wakangoja. Kisha wa kushoto, kidole kikubwa, kile kile kilichokatwa na jiwe, kikainuka kama panya chini ya shuka. Muuguzi mmoja akasema "Asante Yesu" kwa sauti, naye daktari hakumkanya.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Niliumwa, na niliposikia maumivu nilisema, na wakanipa dawa. Kumbe kusema ni rahisi hivyo. Nilifungwa plasta kifuani kama kobe, miezi mingi. Nilijifunza kutembea nikishika ukuta, kisha nikimshika Chelangat. Mgongo haukuwa rula, kama alivyosema. Hata leo bega moja liko juu kidogo, na ukingo wa mguu wa kushoto bado una ganzi. Kikapu sikubeba tena. Nikaanza kuotesha miche ya chai na kufuga ng'ombe wa maziwa, na hiyo ndiyo iliyonitajirisha, wala si kikapu.

Lakini pumzi ilirudi, na mguu ukarudi. Siku niliyoenda bandani kwa mara ya kwanza, nilienda bila kikapu na bila koti. Yule mama wa kiatu akanitazama kutoka chini mpaka juu. "Arap Langat," akasema, "umemnyang'anya nani urefu?" Mzee arap Tonui alikuwa amekuja kutoka Sigor. Alisimama mbele yangu akalazimika kuinua shingo. Mkononi alikuwa na sinendet, mmea ule tunaomvika mshindi. Alinivika mara ya kwanza kwa sababu sikutingishika. Siku hiyo akanivika mbele ya watu wote, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Huyu ametingishika vizuri."

Sasa sikiliza, nikuambie wazi, mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kama mwili wako unakuambia jambo, mwambie mkeo, mwambie mumeo, mwambie daktari, na umwambie vile lilivyo. Si kila mgongo unahitaji kisu. Wengine wanaambiwa wafanye mazoezi warudi nyumbani, na hiyo ni sawa. Lakini utajuaje kama umeufunika? Usikubali kuambiwa umeshakauka. Uliza kwanza anayejua. Na wewe unayefundisha watoto ujasiri, ukishawafunga kwa neno, kumbuka kuwafungua. Uvumilivu una siku yake. Siku nyingine ujasiri ni kusema "hapa sisikii".

Nenda, mwanangu. Mungu akunyooshee njia pale ambapo mwili umepinda. Akupe mtu wa kukuita mara ya pili pale unapokosa kuitikia mara ya kwanza. Na ukiitwa, usogee.